Wiki ya Sita, Ghorofa ya Tatu

Jumatano, 12 Aprili

Daftari hili ni zawadi ya harusi kutoka kwa Odete, ninayefanya naye kazi kwenye duka la mikate. Alinikabidhi huku akicheka: "Andika sasa hivi ukiwa bado unampenda, shoga. Ukichelewa litakuwa daftari la kuandikia vitunguu vya sokoni." Mwezi mmoja na nusu umepita tangu harusi, na kitunguu sijakiandika hata kimoja.

Basi naandika: mume wangu. Mume wangu Gualter. Gualter ni mume wangu. Nimeandika mara tatu na mkono bado unataka ya nne.

Na fleti yetu! Chumba kimoja cha kulala, sebule iliyoshikana na jiko, ukuta wa matofali mekundu, nguzo mbili za mbao nene kiasi kwamba nikizikumbatia mikono yangu haikutani (nimejaribu, Gualter alinicheka mpaka akakaa chini), na dirisha refu kuliko mlango wa kanisa. Zamani jengo zima lilikuwa kiwanda cha kushona makoti, na watu wa mji huu wa Fall River mpaka leo wanaliita Namba Nne. Sasa chini kuna duka la kahawa na chumba cha mazoezi, na juu tunakaa sisi. Sakafu ni ileile ya kiwandani, mbao za rangi ya asali zenye madoa ya mafuta ya cherehani. Hayatoki, nami sitaki yatoke.

Ninatoka kazini saa saba mchana, kwa hiyo jua lote la alasiri ni langu peke yangu mpaka Gualter arudi. Yeye ni fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto. Anarudi ananuka moshi na chuma, na mimi ninanuka sukari na chachu, tunakutana mlangoni.

Jambo moja tu linanichoma. Bibi Deolinda, bibi yake Gualter aliyemlea tangu mama yake alipofariki, hajatia mguu hapa. Anakaa mitaa miwili tu juu yetu. Anasema magoti. Lakini tuna lifti!

Ijumaa Kuu, 14 Aprili

Nimekuta sindano ya cherehani imesimama katikati ya mbao mbili, karibu na nguzo ya dirishani. Ncha imekatika. Nimeiweka kwenye kikombe.

Jumapili ya Pasaka, 16 Aprili

Tumepata Taji! Tumepata Taji! Sijavua hata koti.

Kila mwaka siku ya Pasaka tunakusanyika kwenye ukumbi wa chama chetu sisi Wareno wa visiwani, majina ya familia yanawekwa kwenye sahani ya fedha, na saba yanachotwa, moja kwa kila wiki mpaka Pentekoste. Taji la Roho Mtakatifu linakaa wiki nzima nyumbani kwako juu ya madhabahu uliyoitengeneza mwenyewe, na kila jioni saa moja watu wanakuja kusali rozari. Mlango haufungwi kwa yeyote. Mama yangu alitia jina miaka thelathini na moja, hakuchotwa hata mara moja. Mimi mara ya kwanza tu!

Nilifanya kosa moja dogo la furaha. Kwenye karatasi watu huandika majina basi. Mimi, kwa kujivunia nyumba yangu, niliandika na mahali. Mzee Serafim akasoma yote kwa ile sauti yake ya mnada: "Wiki ya sita! Gualter na Natércia Arruda, Namba Nne, ghorofa ya tatu!"

Watu wakapiga makofi. Bibi Deolinda alikuwa amekaa mbele yangu, kijiko cha supu ya sukuma wiki kimefika nusu ya njia. Alikirudisha kwenye sahani polepole, kama mtu anayeweka yai. Akachukua mkoba wake, akatoka.

"Atakuwa amechoka," Gualter alisema.

Supu yake ilipoa pale mezani, na hakuna aliyethubutu kuiondoa.

Alhamisi, 20 Aprili

Mvua. Nimepima ukuta wa dirishani kwa ajili ya madhabahu. Itakaa vizuri kabisa pale kando ya nguzo, yenye ngazi saba, vitambaa vyeupe na maua mpaka juu. Ila pale pana baridi. Si upepo, dirisha limefungwa. Ni baridi ya mahali pamoja, upana wa kiti. Ukitoa mguu, joto, ukirudisha, baridi.

Gualter ameleta kipimo chake cha kazini, akakiweka pale, akakiweka na jikoni. "Sawasawa, mpenzi. Tofauti hakuna."

"Weka mkono wako basi."

"Kipimo kimeshasema."

Hakuweka mkono.

Jumanne, 25 Aprili

Sindano tatu zaidi. Zote mahali palepale.

Jumamosi, 29 Aprili

Gualter amenitengenezea rafu ya jikoni. Nimemtazama mgongo wake akipiga msumari nikamshukuru Mungu kwa sauti. Saa nane alasiri akasema anakwenda kuosha gari. Nje mvua ilikuwa inamwagika.

Jumatano, 3 Mei

Naandika kabla Gualter hajarudi, ili nisije nikajirekebisha.

Nilikuwa nimeketi kitandani nakunja taulo, mlango wa chumba uko wazi. Ilikuwa saa nane na nusu. Mwanamke akasema sebuleni, kwa Kireno cha visiwani kwetu, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayezungumza na aliyeketi kando yake: "Nasikia baridi."

Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nawaza taulo, nikamjibu! Nikamwambia, "Ngoja nikuletee sweta." Nilishafika kwenye kabati na mkono uko ndani ndipo nilipokumbuka kwamba niko peke yangu.

Sikutoka chumbani. Nilikaa na sweta mapajani. Chini ya miguu yangu mbao zilikuwa zinanguruma, kidogo sana, kama paka. Nilidhani ni mashine za mazoezi za chini. Ilipogonga saa tisa kamili, ngurumo ikakatika, na nikasikia viti vingi vinasukumwa nyuma kwa pamoja na miguu mingi, mingi, inaelekea mlangoni. Kisha kimya. Sebule imejaa jua, na hakuna kilichosogea.

Nilipotoka, pale kando ya nguzo palikuwa na sindano nyingine.

Jumamosi, 6 Mei

Tumegombana kwa mara ya kwanza. Andika, Natércia, si aibu.

Saa nane na robo Gualter akachukua funguo. "Nakwenda kuosha gari."

"Umeliosha Jumamosi iliyopita. Na iliyotangulia."

"Gari la kazi linachafuka."

"Kaa na mimi nusu saa tu, Gualter. Keti pale kando ya nguzo."

Akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wake usio na utani. Nikajua. Nikasema, "Umeshasikia."

Alikaa kwenye mkono wa kochi. "Siku ile ya kwanza tuliyokuja kuiona nyumba. Wewe ulikuwa umekumbatia nguzo, unacheka. Mimi nikasikia mtu anasema anasikia baridi."

"Na ukanyamaza!"

"Ulikuwa unacheka, Natércia. Uliipenda. Ningesema nini?"

"Ungesema kuna mtu ndani!"

"Ningekuambia, ungekubali tuichukue?"

Mpaka sasa sijui. Nililia chooni, akakaa nje ya mlango wa choo akinipitishia karatasi chini, moja moja. Saa nane na nusu ilitukuta hivyo. Sote wawili tulisikia. Tulikuwa tumeshikana vidole chini ya mlango.

Jumatano, 10 Mei

Mvua siku ya nne. Odete: "Bibi arusi, unachoma mikate, hulali au hulazwi?" Nilicheka kama ilivyonipasa.

Jumapili, 14 Mei

Siku ya akina mama. Tumempelekea Bibi Deolinda maua. Jiko lake linatazamana na dohani la Namba Nne, lakini pazia la upande ule limeshonewa juu na chini, halifunguki. Nimeingia jiko lile mara mia, leo ndipo nimeona.

Gualter alipokwenda kumtazamia bomba, nikajikaza. "Bibi, Jumapili ijayo Taji linakuja kwetu. Tunakuomba utuongozee rozari."

"Lipelekeni ukumbini. Likae ukumbini wiki hiyo."

"Limechotwa kwa jina letu, Bibi."

"Nasema lipelekeni ukumbini." Alikuwa anamenya viazi, kisu hakikusimama. "Mnanunua kiwanda, mnaweka kochi, mnasema nyumba. Sisi tulikuwa tunakimbia kutoka mle, ninyi mnaingia na maua."

"Kama umenichukia mimi, Bibi, niambie."

Kisu kikasimama. "We mtoto," alisema, "ningekuchukia ningelala usingizi."

Jumapili, 21 Mei

Taji lipo ndani! Limeletwa kwa maandamano kutoka kwa familia ya wiki ya tano, bendi mbele, watoto na mishumaa, mvua imekatika kwa muda wa kutosha tu. Ni la fedha, zito kuliko nilivyodhani, na njiwa mdogo juu yake. Lilipopita mlango wetu nililia bila kujificha.

Bwana Ellery, mwenyekiti wa kamati ya jengo, aliyehamia mwaka jana kutoka Boston, alikuwa amesimama chini na mbwa wake. "Mlango mkuu hauwezi kuachwa wazi wiki nzima," alisema. "Kuna kanuni."

"Hautaachwa wazi," Mzee Serafim alimjibu. "Utakuwa unaushikilia wewe."

Kila mtu akacheka, naye akawa mwekundu. Lakini jioni saa moja alikuwa pale kweli, anashikilia mlango, na mtu amempa malasada ya moto, andazi letu la kukaanga, na sukari imemjaa ndevuni.

Watu arobaini na tatu ndani ya sebule yetu. Kiti cha Bibi tulikiweka mbele. Kilibaki kitupu.

Jumatano, 24 Mei

Jioni ya nne, kiti kitupu. Nimesikia wakinong'ona kwenye ngazi: Taji liko kwa mjukuu na bibi hajaingia, kuna nini katika nyumba ile? Kuna mwanamke aliyesema mimi nimemfukuza. Odete alimgeukia: "Huyu? Huyu hawezi kufukuza hata nzi kwenye keki, muulize meneja."

Saa nane na nusu bado inakuja kila siku. Nilidhani Taji litainyamazisha sauti ile. Sivyo. Leo maua yote ya upande wa nguzo yamelala, ya upande wa pili yamesimama.

Alhamisi, 25 Mei

Nimetoka kazini nikaenda kwa Bibi moja kwa moja na aproni yangu ya unga. Sikubisha hodi. Niliweka kikombe cha sindano mezani mbele yake.

"Ziko kumi na moja," nikasema. "Zinatoka mahali pamoja. Nani anasikia baridi, Bibi?"

Aliketi. Akachukua sindano moja, akaigeuza kwenye mwanga. Aliposema hakunitazama, aliitazama ile sindano.

"Idalina. Alikuwa anavunja sindano kuliko mtu yeyote, mikono ilikuwa na haraka. Kijiji chetu kimoja, meli moja. Cherehani yake kando ya nguzo, yangu inafuata. Alikuwa bibi arusi wa miezi mitatu, kama wewe. Anaimba, anacheka ovyo, kila kitu kwake kizuri. Alikuwa anasema madirisha ya kile kiwanda ni mazuri! Tulikuwa tunamwona kichaa."

"Mwaka ule alichotwa," aliendelea. "Wiki ya sita. Alikuwa ameshashona vitambaa vya madhabahu kwa mabaki ya bitana. Taji lilikuwa liende kwake Jumapili. Ijumaa saa nane na nusu akaniambia, Deolinda, nasikia baridi. Mwezi wa tano, jasho linatutoka. Nikamwambia, maliza mkono huo wa koti, dada, nusu saa tu. Msimamizi alikuwa anapita. Ukisimama kabla ya saa tisa, kesho cherehani ni ya mwingine, na mimi nilikuwa na watoto watatu. Akaniambia tena. Kisha akalaza kichwa juu ya koti. Nilimwona. Natércia, nilimwona. Wanawake wote wa mstari ule tulimwona, na hakuna aliyenyanyuka. Tulishona. Kengele ya saa tisa ilipolia tukasukuma viti, tukamkimbilia, na alikuwa ameshakuwa wa baridi kweli."

Niliweka mkono wangu juu ya wake. Aliuondoa, si kwa ukali.

"Bado sijamaliza. Wiki ya sita haikuwa na mwenyewe. Wakauliza nani ajitolee. Wakasema, Deolinda alikuwa rafiki yake. Nikalichukua. Taji lake lilikaa nyumbani kwangu wiki nzima, watu wanakuja, wananishika mkono, wananiita mwema. Vitambaa vyake ndivyo nilivyotandika." Alirudisha sindano kikombeni. "Na wewe ulivyoingia ukumbini siku ya kwanza na Gualter, unacheka ovyo, nilijua amekuja kunidai."

"Mimi si yeye, Bibi."

"Najua. Ndiyo maana nakupa chai."

Hakunipa chai. Alisahau, nami sikumkumbusha. Nilipokuwa mlangoni nikamwambia, "Jumapili asubuhi Taji linaondoka. Kesho niko kazini mpaka jioni. Jumamosi saa nane nitakuwa nyumbani."

Alikuwa ameshachukua kisu cha viazi.

Jumamosi, 27 Mei

Alikuja.

Saa nane na dakika kumi kengele ya mlangoni ililia, na kwenye kile kidude cha kuongelea sauti yake ikasema, "Nani anafungua haya mambo?" Gualter alishuka kumchukua. Alitoka kwenye lifti amevaa gauni la kanisani, nywele zimebanwa, uso mweupe kama kitambaa. Kizingitini alisimama. Alitazama kochi letu, jiko letu, picha za harusi. Nilihisi aibu, kama mtu aliyekutwa amevaa nguo za mwenzake.

"Mashine ya mvuke ilikuwa pale mlipoweka friji," alisema. Basi akaingia.

Alichukua kiti cha jikoni mwenyewe, akakiweka hatua moja kulia kwa nguzo, akaketi amenyoosha mgongo, mikono mbele, kama kuna meza. Gualter alitaka kumsogezea kiti chenye mto. "Niache," alisema. "Kaa na mke wako. Na usiniambie habari za gari."

Tulikaa kwenye kochi. Gualter alikuwa amenishika mkono. Mbao zikaanza kunguruma. Kutoka pale nilipokuwa niliona maua ya upande wa nguzo yakiinamisha vichwa, moja baada ya jingine, na pumzi ya Bibi Deolinda ikawa mvuke mweupe mbele ya uso wake, mwezi wa tano, juani.

Sauti ikasema, karibu sana, bila lawama yoyote: "Deolinda, nasikia baridi."

Bibi akasimama.

Ni hilo tu alilofanya, na nimeona watu wakipanda milima kwa taabu ndogo kuliko ile. Alishika ukingo wa kitu ambacho hatukukiona, akajisukuma juu, magoti yakalia, akawa wima. Ngurumo haikusimama. Ilikuwa ni kama mstari mzima wa wanawake wanaendelea kushona na kumtazama kwa pembe ya jicho. Alikwenda kwenye madhabahu, akalitoa Taji kwa mikono yote miwili, akarudi kando ya nguzo, akaliinua juu ya mahali palipo patupu, kwa kimo cha mtu aliyeketi.

"Hili lako," alisema. "Nilikaa nalo mimi. Hili lako, dada."

Taji lile ni zito. Mimi nililishika Jumapili kwa dakika mbili mabega yakaniuma. Bibi ana miaka sabini na minane. Gualter alinyanyuka amsaidie, Bibi akamwambia "Keti!" kwa sauti ambayo nadhani alikuwa nayo akiwa na miaka thelathini na tano. Alilishika vile nusu saa nzima. Alimwambia Idalina mambo ambayo siyaandiki hapa. Mengine yalikuwa ya kijijini, ya ng'ombe na ya kijana fulani, na mara moja alicheka. Mikono ilianza kutetemeka ikifika saa tisa kasoro dakika kumi, na aliiacha itetemeke.

Saa tisa viti vikasukumwa. Miguu mingi ilipita pande zetu zote mbili, nikasikia pindo za nguo zikigusa kochi. Ilikwenda mpaka mlangoni, ikaisha.

Nikauliza, kwa kunong'ona, "Ameondoka?"

Bibi alikuwa ameshusha Taji kifuani. Aliweka mkono pale kando ya nguzo, akausogeza taratibu, kama mtu anayepapasa maji ya kuogea mtoto.

"Aende wapi?" alisema. "Mume wake alikufa zamani. Nyumba yao ilibomolewa, sasa wanaegesha magari."

Jumapili, 28 Mei

Taji limeondoka. Bibi Deolinda alilibeba mpaka mlango wa mtaa, na Bwana Ellery alikuwa ameshikilia mlango bila kuambiwa. Jana jioni Bibi aliongoza rozari, na alipotaja marehemu alitaja jina moja ambalo watu wengi sebuleni hawakulijua, na wanawake watatu wazee wakaanza kulia.

Gualter aliniuliza kitandani kama nataka tuiuze. Nilifikiri kweli. Nilimwambia nataka tu asiwe ananificha kitu nikiwa nacheka.

Alhamisi, 1 Juni

Jua kali. Tangu Jumatatu Bibi ana ufunguo wake. Saa nane na robo nasikia lifti, anaingia, ananiuliza kama nimekula, hangoji jibu. Anaweka kiti chake hatua moja kulia kwa nguzo. Mimi naendelea na taulo zangu, au nakaa jikoni namenya viazi. Ikifika saa nane na nusu anasimama, na anabaki amesimama mpaka saa tisa. Wakati mwingine anazungumza, wakati mwingine hasemi. Jana nilimsikia anaeleza jinsi nilivyounguza supu.

Leo nilijaribu kupeleka mkono pale baada ya saa tisa. Bado pana baridi, lakini ni baridi ya jiwe la kivulini.

Bibi alikuwa anafunga vifungo vya sweta yake, tayari kuondoka. Alinitazama, akatazama ndoo yangu pale ukutani, akanyoosha kidole.

"Kesho usipige deki upande huu kabla sijafika," alisema. "Idalina anavaa ndara za kitambaa. Atateleza."